Gati lao halina mtu wa kushika kamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu, mzazi mmoja, aliyeandika juzijuzi kulalamikia vijana wanaokesha wakicheza ule mchezo wa kusimuliana hadithi mezani kwa dadu na penseli. Katika aya ya kwanza alisema ni kamari. Katika aya ya tatu akasema ni uchawi. Mimi nina ugomvi wangu na mchezo huo, tena mkubwa, lakini si huo wake.

La kamari ni jepesi, nilimalize. Mjukuu wangu anasoma chuo Dar es Salaam, na kila likizo hurudi Tanga na begi la nguo chafu na kimfuko cha dadu za kila sura, hata moja ya pande 20 inayozunguka mezani kama pia. Hukusanyika barazani kwangu vijana watano. Wanne kila mmoja ana mhusika wake: askari, mwizi, mganga ambaye ni binti wa jirani, na mwingine ambaye mpaka leo sijajua kazi yake ila ana upinde. Wa tano, mjukuu wangu, ndiye msimulizi. Yeye huwaambia mko wapi, mnaona nini, nani kawatokea, nao humwambia wanafanya nini. Jambo likiwa gumu, mathalani kuruka ukuta au kumdanganya mlinzi, hurushwa dadu. Namba ikiwa kubwa umefaulu, ikiwa ndogo utajua mwenyewe. Hakuna anayeweka hata mia. Hakuna hata anayeshinda, na hilo ndilo lililonitatiza mimi mcheza bao, maana sijazoea kuona watu wanainuka mchezoni saa sita usiku wote wamefurahi.

La uchawi nalo si geni. Mchezo wa kwanza wa aina hii ulichapishwa Marekani mwaka 1974, waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson, na miaka ya 1980 wazazi wa huko walipiga kelele hizihizi kwamba watoto wanaitwa na Shetani. Watoto wale leo ni watu wazima wenye vipara na mikopo ya nyumba. Basi.

Ugomvi wangu ni juu ya gati.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa nimejinyoosha kwenye mkeka, redio pembeni, nao wako mezani. Nikamsikia mjukuu wangu ameikaza sauti: "Mnafika gatini. Ni usiku wa manane. Kuna ukungu mzito, mtu haoni hata kiganja chake. Mnafanya nini?" Nikazima redio. Kwa nini nisizime? Maisha yangu yote yako hapo.

Mwizi akasema anasikiliza. Akarusha dadu, ikaja 14. Mjukuu wangu akamjibu, "Husikii kitu."

Mhariri, niliinuka nikakaa. Husikii kitu, gatini? Askari akawasha mwenge akatangulia, likatoka majini dubwana lenye mikono minane, wakalitwanga kwa dadu karibu nusu saa, likafa, wakaokota sanduku la dhahabu. Makofi. Nikauliza kutoka mkekani, "Hilo sanduku kalishusha nani?" Wakatazamana. "Na hiyo meli, kamba zake kashika nani?" Mjukuu wangu akacheka, "Babu, ni mchezo tu." Nikamwambia mchezo sawa, ila meli haijifungi yenyewe, na gati lisilo na mtu wa kushika kamba ni jukwaa la harusi baada ya wageni kuondoka.

Nijitambulishe basi. Nilikuwa baharia kuanzia mwaka 1979 hadi 1991, baadaye nikawa karani wa kuhesabu shehena hapa Tanga mpaka nilipostaafu. Enzi zetu hapa meli kubwa zilitia nanga nje, mizigo ikapelekwa na kuletwa kwa matishari, na nimehesabu marobota ya katani mengi kuliko nywele nilizobakiwa nazo. Ila ukungu wa baharini Tanga hatuna wa kusema. Ukungu wetu uko juu, Lushoto na Amani, na kijana wa Tanga akisema anaujua ukungu anamaanisha basi linalopanda Soni, dereva akipiga honi kila kona ili anayeshuka amsikie. Hiyo honi waiweke akilini, nitairudia.

Ukungu wa gatini nimeukuta Saint John, jimbo la New Brunswick, Kanada, Julai 1984. Meli yetu ilikuwa ya mizigo, bendera ya Ugiriki, tumekwenda kuchukua karatasi ya magazeti, mizingo yenye kimo cha kifua cha mtu. Bandari iko mdomoni mwa mto, kwenye Ghuba ya Fundy, na ghuba hiyo inajulikana duniani kote kwa jambo moja: maji yake. Sisi hapa bamvua likikolea tunapata mita tatu na ushee kati ya kujaa na kupwa, na tayari wavuvi wanapanga maisha yao yote kwa hesabu hiyo. Saint John ni kama mita nane. Ukiingia ndani zaidi kwenye kichwa cha ghuba zinapita 15. Asubuhi unateremka ngazi kutoka melini kwenda gatini. Mchana ukirudi unaiona sitaha iko chini ya miguu yako kama mtu anayechungulia kisimani, na nguzo za gati zilizokuwa majini zimesimama uchi, nyeusi, zimevaa mwani na chaza hadi kiunoni.

Maji yale ya kukorogwa hayapati joto hata kiangazi. Sasa kiangazi upepo wa kusini-magharibi huleta hewa ya uvuguvugu iliyobeba unyevu, hewa ikipita juu ya baridi ile unyevu unageuka vitone vidogo, na hapo ndipo ukungu unapozaliwa. Hauji kama moshi, vijana. Nimewasikia wakisema "ukungu unatambaa". Ulichofanya siku ile ni kuondoa vitu kimoja baada ya kingine. Kwanza kilipotea kisiwa cha Partridge kilichopo langoni mwa bandari. Halafu ghala la ng'ambo. Halafu winchi ya mbele ya meli yetu wenyewe. Mwishowe nilikuwa na mita kumi za sitaha na ngazi inayoning'inia kwenda kusikojulikana. Na ukungu una maji: nguzo za winchi zilikuwa zinachuruzika kama mvua, sweta langu likaloa bila tone moja kutoka mbinguni. Karatasi haitaki maji, kwa hiyo mifuniko ya matundu ya shehena ikafungwa, kazi ikasimama, na wachukuzi wakaenda kujibanza chini ya paa la ghala.

Haya yote niliwasimulia palepale barazani, na hapo ndipo mjukuu wangu alipotega sikio. Kwenye gati lake la kwanza hapakuwa na mtu kwa sababu ya ukungu. Kwenye gati la kweli ukungu ndio unaowakusanya watu mahali pamoja bila kazi mikononi, na mchukuzi asiye na kazi huuza sigara, hununua saa ya mkononi, hudai deni la wiki iliyopita, humwuliza baharia mgeni kama ana chochote cha kupitisha. Chini ya paa lile nilinunua koti la manyoya kwa chupa mbili za ouzo, pombe ya Kigiriki. Muuzaji sikumwona uso, nilimwona mikono tu. Nikamwambia mjukuu wangu, weka mkasa wako pale, chini ya paa, kabla hujaleta hilo pweza lako.

Lakini kisa ninachotaka kukisema hasa ni cha usiku ule. Zamu yangu ilikuwa ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, kukaa kwenye ngazi na kuangalia kamba. Kamba za Saint John hazilali. Maji yakianza kupwa kamba zinalegea kwanza, kwa kuwa meli imetoka juu inashuka kulingana na gati. Ikishalipita gati kwenda chini zinaanza kukaza, na zisipolegezwa zitavutika mpaka zikatike. Kamba nene ya nailoni ikikatika huwa inarudi kwa kasi ambayo huioni. Nimeona mguu uliopigwa nayo, katika bandari nyingine, na sitausimulia hapa kwa kuwa watu husoma gazeti wakinywa chai. Serahangi wetu, yaani msimamizi wa mabaharia, Mngazija, mtu mzima mpole asiyerudia neno, alikuwa ameniambia: "Kila robo saa, mwanangu, ishike kamba kwa kiganja. Usiitazame. Ishike."

Nilifanya hivyo hadi saa nane. Kisha nikasikia mtu anapumua.

Ilikuwa pumzi nzito, ya mtu aliyechoka, imetoka chini, katikati ya ubavu wa meli na nguzo za gati, mahali ambapo hapawezi kukaa mtu. Ikanyamaza. Nikahesabu moyoni, ikarudi, safari hii upande wa tezi, nyuma ya meli. Nikaita kwa Kiingereza, nikaita kwa Kigiriki changu cha kuombea sigara, kimya. Nikawasha tochi. Kosa. Tochi kwenye ukungu haikuonyeshi kitu, inakujengea ukuta mweupe mbele ya pua, na yeyote aliye nje ya ukuta huo sasa anajua ulipo. Nikaizima haraka, nikabaki na giza jipya machoni, na pumzi ile ikapita tena chini yangu, taratibu, kama mtu anayetembea akitafuta mlango. Nilisoma kila aya niliyokuwa naikumbuka tangu madrasa. Nilishika reli kwa mikono miwili nikainama kusikiliza. Sijui nilikaa hivyo muda gani.

Kilichonizindua ni sauti nyingine kabisa, ya juu kidogo, kama mlango wa kabati la zamani: kamba ya omo, ile ya mbele ya meli, inalia. Nilikuwa nimepitisha robo saa mbili, labda tatu. Serahangi alinitokea kutoka gizani akiwa na msuli na fulana tu, sijui aliisikiaje akiwa amelala, akanisukuma mbali na mstari wa ile kamba kabla hajaigusa, tukailegeza sote wawili inchi kwa inchi, inatetemeka kama mshipa. Ilipopoa ndipo aliponiuliza, "Ulikuwa unasikiliza nini?" Nikamwambia kuna mtu chini anapumua. Akatega sikio. Pumzi ikaja. Akasema, "Sili." Akaenda kulala.

Kulipokucha ukungu ukapanda kidogo nikamwona: mnyama mwenye kichwa kama cha mbwa aliyepakwa mafuta, anaelea kati ya nguzo, ananitazama kwa macho ya mtu aliyenikopesha.

Nilipomaliza kisa hiki barazani walinyamaza, na mwizi, ambaye ndiye mwenye akili kati yao ingawa mama yake haamini, akasema, "Kwa hiyo hatari ilikuwa kamba." Ndiyo. Na laiti usiku ule usingekuwa na ukungu ningemwona sili, ningecheka, ningeishika kamba kwa wakati wake. Ukungu haukunificha kitu cha maana. Uliniazima masikio nikayapeleka pasipostahili. Nikamwambia mjukuu wangu, ukiwaleta gatini kwenye ukungu, wape sauti tatu, mbili za kuwasumbua bure na moja ya kweli, ile ya kweli iwe ya kazi ya kawaida ambayo imeachwa, na uwaache wachague wenyewe waelekee wapi. Usiwaambie "hamsikii kitu". Dadu likija dogo, wasikie kitu wasichojua kilipo. Hata manahodha hawakujua: sauti kwenye ukungu inaweza kukujia kama iko kulia kumbe iko mbele.

Akaitikia, halafu akaleta shida yake. Yule mwenye upinde, kumbe, ana uwezo wa kuona kupita ukungu. Akiutumia mkasa wote unaisha. Nikacheka. Nikawasimulia meli mbili, Andrea Doria ya Italia na Stockholm ya Sweden, usiku wa tarehe 25 Julai 1956, karibu na Nantucket huko Marekani. Moja ilikuwa ndani ya ukungu, nyingine inausogelea. Zote zilikuwa na rada. Zote ziliiona nyingine kwenye rada zikiwa bado mbali, maili kwa maili, muda wa kutosha kunywa kahawa. Moja ikaamua kupita upande huu, nyingine ikaamua kupita upande uleule, moja ikapinda kushoto na nyingine ikapinda kulia, na Stockholm ikaingiza omo yake ubavuni mwa mwenzake. Walikufa watu 51. Basi mwache mwenye upinde aone. Aone taa inakuja. Kinachobaki ni kuelewa mwenye taa anadhani nini.

Jumamosi iliyofuata walinialika mezani rasmi, wakanipa na kiti cha plastiki chenye mgongo. Kazi yangu ikawa kutoa sauti. Nikawafundisha kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zile za 1972 zilizoanza kutumika 1977, sehemu ya ukungu tu. Meli ya injini inayotembea hupiga honi moja ndefu, ya sekunde nne hadi sita, isipite dakika mbili bila kurudia. Ikiwa haijafungwa wala kutia nanga lakini imesimama majini, honi mbili ndefu. Jahazi, mvuvi mwenye nyavu, au meli inayovuta nyingine, moja ndefu na fupi mbili. Iliyotia nanga hailazimiki kupiga honi, inapiga kengele ya harakaharaka kwa sekunde tano kila dakika, na ikiwa ndefu, mita 100 na zaidi, kengele inapigwa mbele na upatu nyuma. Kwa honi nilipuliza mdomo wa chupa ya soda. Kwa kengele nilichukua mfuniko wa sufuria na kijiko, bibi yao akanijia juu kwamba ni sufuria ya wali wa wageni.

Mjukuu wangu akabisha kidogo: dunia yao haina mvuke wala injini. Haki yake. Honi ya mvuke yenyewe si ya zamani sana, na ilianza palepale Saint John: Robert Foulis, Mskoti aliyehamia huko, ndiye aliyebuni ile ya kisiwa cha Partridge mwaka 1859. Mzee mmoja wa gatini alitusimulia kwamba Foulis alikuwa anarudi nyumbani usiku wa ukungu, binti yake ndani anapiga piano, akagundua kwamba noti zinazomfikia kwa mbali ni zile nzito tu, nyembamba zinakufa njiani. Ndivyo wanavyosimulia wenyewe. Kilicho hakika ni kwamba hakufaidi kitu. Alifariki maskini mwaka 1866, huku honi za aina yake zikilia pwani nyingi. Kabla ya hapo mabaharia walitumia kengele, ngoma, mizinga, hata kupiga makelele. Tukakubaliana baragumu kwa meli inayotembea. Mmoja akataka siwa, nikamkatalia. Siwa ni ya shughuli za watu wenye heshima zao, haipigwi kuzuia ajali.

Kisiwa kile nacho nilipowatajia kiliwatia wazimu, kwani kilikuwa karantini, na mwaka 1847 Waayalandi waliokimbia njaa kwao walishushwa pale wakiwa na homa ya chawa (taifasi) ya melini, mamia wakazikwa hapohapo. Mjukuu wangu akataka mizimu mara moja. Nikamsihi asubiri. Wale walikuwa watu, wana majina, na mtu anayewatoa makaburini ili askari wa kubuni apate wa kumkata upanga hajafikiri vya kutosha. Akakubali kwamba kisiwa chake kitakuwa na taa moja na mlinzi mmoja anayeogopa wageni kwa sababu ya maradhi. Nadhani ni bora zaidi, lakini mimi ni babu yake.

Basi tukacheza. Gati lilelile, ukungu uleule. Safari hii akaanza hivi, na naandika alivyosema: "Mko chini ya paa la ghala. Maji yanapwa. Watu kama kumi wamekaa juu ya magunia ya karafuu, mmoja anawauliza kama mna tumbaku." Tayari walikuwa na shughuli. Mwizi akaenda kwenye tumbaku, askari akaanza kubishana na mchukuzi anayedai amekaliwa gunia lake, na hakuna aliyegusa dadu kwa dakika ishirini. Mimi nikapuliza chupa: moja ndefu. Nikakaa. Nikapuliza tena. Wakaendelea na tumbaku. Mara ya tatu nikapuliza mbili ndefu, na binti wa jirani, yule mganga, akainua kidole: "Ngojeni. Imesimama. Kwa nini imesimama katikati ya njia?" Nikagonga sufuria sekunde tano. Akasema, "Na hiyo ni nyingine, imetia nanga. Ziko mbili." Mhariri, baraza lote lilinyamaza. Hapakuwa na dubwana wala damu, ni mzee na chupa ya soda tu, lakini nilimwona askari anatazama barabarani kana kwamba meli itapita mbele ya duka la mkaa.

Askari akataka kuwasha mwenge. Mwizi akamshika mkono, na bila kunitazama akasema, "Atakayewasha ndiye atakayeonekana." Hapo nilijua kisa changu kimefika.

Sisemi kila kitu kilikwenda vizuri. Mwenye upinde alichoka na kusikiliza akapiga mshale kwenye ukungu, ukampata mshika kamba, mtu mwema kabisa mwenye watoto, na sasa kuna kesi. Kamba ya omo ikaachwa bila mtu. Maji yanapwa. Mjukuu wangu hakuwakumbusha, nami nilijizuia hata kukohoa. Walikatiza saa sita kwa sababu umeme ulikatika, na hakuna aliyekuwa amefikiria kamba.

Kwa hiyo namwambia mzazi mwenzangu, mwache mwanao. Ukiweza, kaa naye. Kama ulikuwa fundi cherehani, wana soko lisilo na fundi. Kama ulikuwa nesi, wana mganga asiyejua kufunga kidonda, anasema maneno mawili tu mtu anainuka. Binti wa jirani ameanza kuwauliza kina mama wa kliniki maswali. Kwetu Tanga mabaharia wazee tuko wachache na wengi wetu tunashinda barazani tukisubiri mtu atuulize. Vijana wanaiga magati ya watu wasiowajua, ya ukungu wa kuchora, na waliosimama kwenye ukungu wenyewe wako hatua kumi kutoka mezani wanasikiliza taarifa ya habari.

Lipo ombi moja kwako, Mhariri, na ni la dhati. Wamenipa mhusika. Mimi ni karani wa zamu ya usiku kwenye gati hilo, mwenye ubao na penseli, ninahesabu magunia kwa vijiti vinne na cha tano nakatiza, kama tulivyofanya siku zote. Karatasi ya mzigo inasema magunia 240 ya karafuu. Mjukuu wangu alininong'oneza hesabu yangu, nami nikahesabu upya kwa hakika: ni 241. Moja limekaliwa na mchukuzi tangu mwanzo, na hajainuka. Baba wa binti wa jirani husoma gazeti lako kila siku, tena kwa sauti. Tafadhali usiichapishe barua hii kabla ya Jumamosi.

Wako,
Baharia mstaafu,
Chumbageni, Tanga.